Kuingia chuo na kumaliza chuo: maswali mnayoniuliza kila mwaka hapa Moshi

Nina stesheneri hapa Moshi, sio mbali na stendi, na kila mwaka matokeo ya Form Six yakitoka basi mpaka vyuo vifunguliwe kazi yangu inakuwa ni moja tu, kujaza maombi ya vyuo na mkopo, kuskani vyeti na kujibu maswali. Watu wanakuja kutoka Rombo, Siha, Hai, Same, wengine wanapanda Kosta alfajiri kutoka Arusha kwa sababu nilimsaidia kaka yao mwaka juzi. Maswali ni yaleyale kwahiyo nimeamua kuyaandika sehemu moja. Na nitangulize hili: kwa miaka yote hii watoto niliowaona wanakwama kwa kukosa akili ni wachache mno, wengi wamekwama kwa karatasi, kwa hela ya wiki za mwanzo, na kwa kuogopa kuuliza. Ndio maana majibu mengine humu ni marefu, nisamehe.

Nina D moja na E mbili, naweza kwenda digrii?

Moja kwa moja hapana, na sitaki ulipie maombi bure. Kiwango cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu kwa A mpaka E, zenye jumla ya pointi 4.0 kwenye masomo ambayo kozi inayataka, na hesabu yake ni A pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kwahiyo D mbili zinafika, D na E zinaishia 3. Waliomaliza 2014 na 2015 wana hesabu yao tofauti kwa sababu madaraja ya kipindi kile yalikuwa mengine, hao waje na cheti tuangalie. Alafu hiyo 4.0 ni sakafu tu, kozi yenyewe inaweza kutaka zaidi, udaktari kwa mfano unataka prinsipo zote tatu za fizikia, kemia na baiolojia, zisizopungua D kila moja.

Lakini usiende nyumbani ukajifungia. Unaweza kusoma diploma, ukipata GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0 unaingia digrii inayohusiana nayo, na nimeona wengi wa njia hii wakifika chuo kikuu wanawaacha mbali waliotoka Form Six kwa sababu wao kazi wameshaishika kwa mikono. Unaweza kusoma Foundation (kozi ya maandalizi) ya Chuo Kikuu Huria, nayo wanataka uimalize na GPA ya 3.0, na Huria wana kituo hapa Moshi na kingine Arusha. Au unarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ya diploma ndio naipenda zaidi, na nasema hivyo kwa wazazi hata wakininunia, maana wapo wanaoona diploma ni aibu.

Mbona nimefaulu vizuri ila kozi ninayoitaka inanikataa?

Kombi, yaani yale masomo matatu uliyosoma Form Five na Six. Ukishasoma HGL (historia, jiografia na kiingereza) huwezi kuomba uinjinia hata ukiwa na A tatu, hilo liliamuliwa siku ulipojaza tahasusi ukiwa Form Four, na wengi walijaza wakiwa hawajui wanajaza nini, shule haina mshauri, mzazi hajasoma, mtoto anafuata rafiki. Kama una mdogo wako yuko Form Three saivi kaa naye hata jioni moja, fungueni gaidibuku (kitabu cha mwongozo) ya TCU kwenye simu, mwonyeshe kila kozi inataka masomo gani. Ni PDF, unaipata bure.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo wanaangalia nini hasa?

Wanaangalia uhitaji wako, na uhitaji unathibitishwa kwa karatasi. Huruma ya mtu haiingii hapo. Yatima anatakiwa awe na cheti cha kifo, mwenye ulemavu fomu ya daktari, wa kaya ya TASAF (mfuko wa kusaidia kaya maskini) awe na namba ya kaya, na vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vinahakikiwa na RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) kabla hujavipandisha kwenye mfumo. Hapo kwenye uhakiki ndipo kilio kinapoanzia.

Nikupe mfano mmoja. Mama mmoja alitoka Rombo, bahasha ya kaki ameiweka ndani ya mfuko wa nailoni maana ilikuwa inanyesha, akaitoa taratibu akaipanga kwenye kaunta. Kila kitu kipo, matokeo, picha, kitambulisho chake, ila baba wa mtoto alikuwa amefariki miaka tisa nyuma na alichokuwa nacho mama ni kibali cha mazishi tu. Akaniambia, "Mwanangu, si hiki hapa kimeandikwa amekufa?" Ikabidi nimweleze kwamba kibali cha mazishi sio cheti cha kifo, kwamba anatakiwa aende kwa msajili wa wilaya apeleke maombi, ndio kitoke cheti, ndio kihakikiwe, na dirisha la maombi lilikuwa limebakiza siku chache. Alikaa kwenye benchi pale kama robo saa haongei. Kile cheti angeweza kukifuatilia miaka minane nyuma kwa hela kidogo sana, ila hakuna mtu aliyewahi kumwambia.

Kwahiyo kama una mtoto yuko hata Form Two, anza leo. Angalia majina pia. Cheti cha kuzaliwa kinasema Elibariki, cha NECTA (Baraza la Mitihani) kinasema Elibarick, mfumo hauwezi kujua ni mtu mmoja, utaambiwa ufanye dipoli (hati ya kisheria ya jina) au urekebishe cheti, na yote hayo yanataka muda. Na namba ya mtihani wa Form Four unayoombea chuo iwe ileile unayoombea mkopo, kama ulirudia mtihani na una namba mbili basi zijaze zote panapotakiwa, ukichanganya hapo chuo kinakuona na Bodi haikuoni.

Mtoto yuko JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), naweza kumjazia mimi?

Mnaweza kusaidiana ila paswedi, emaili na laini ya simu viwe vyake. Hii ya JKT inawakumba wengi, wanaenda kambini baada ya mtihani, simu hawana, na huku nyuma dirisha la mkopo linafunguliwa. Kabla hajaondoka mfungulieni emaili, mskanie vyeti vyote, asaini sehemu zake, picha ya pasipoti iwepo, alafu paswedi iandikwe kwenye daftari la nyumbani. Usiandikishe namba ya simu ya mtu wa stesheneri! Nasema hivyo mimi mwenye stesheneri. Kuna vijana walikuja kwangu wanahangaika kwa sababu aliyewajazia mwaka huo aliweka namba yake na akahama mji.

Nimechaguliwa vyuo vitatu, nafanyaje?

Unathibitisha kimoja. Unatumiwa namba ya kuthibitisha kwa meseji, unaingiza kwenye akaunti yako ya chuo unachokitaka kabla ya tarehe ya mwisho. Usipothibitisha nafasi inaondoka.

Mkopo nimepata, kwanini bado mnaniambia nitafute hela?

Hili ndio swali ninalotamani lingeulizwa na kila mtu. Watu wakiona jina kwenye orodha ya Bodi wanapiga vigelegele, mbuzi anachinjwa, kesho yake mtoto anapanda basi na elfu hamsini mfukoni. Sasa sikiliza inavyokwenda. Hela ya chakula na malazi, bumu, ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23 (kabla ya hapo ilikuwa 8,500), na inakuja kwa mafungu. Haikusubiri getini. Ili uipate unatakiwa uwe umesajiliwa, uwe na akaunti ya benki, jina lako lipelekwe, ndio uitwe kusaini. Na ili usajiliwe unatakiwa ulipe vitu ambavyo mkopo kwa kawaida hauvilipi: bima ya afya ya NHIF 50,400 kwa mwaka, ada ya uhakiki ubora ya TCU 20,000, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, na vingine kila chuo na majina yake. Kama mkopo wako wa ada sio asilimia mia basi na ile asilimia iliyobaki wanataka angalau sehemu yake. Hujasajiliwa, hakuna bumu. Huna bumu, huwezi kusajiliwa. Nimeona watoto wenye mkopo kabisa wa serikali wanazunguka ndani ya hicho kitanzi wiki sita.

Na wiki sita kwenye semesta ni nyingi mno. Testi ya kwanza imepita, makundi ya asaimenti yamepangwa wewe haupo, mwenzako anakuambia tu kuna kitu kilisainiwa juzi. Watu wakija kusema fulani kafeli chuo hana akili, mimi huwa nauliza alisajiliwa wiki ya ngapi.

Kwahiyo pigeni hesabu ya miezi miwili bila bumu: nauli, chumba, chakula, zile ada ndogondogo, kopi. Chumba cha mtaani wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mpigo, iwe Majengo au Pasua hapa Moshi, au Njiro kule karibu na Chuo cha Uhasibu Arusha, kwahiyo omba hosteli ya chuo mapema ukiweza. Hela itoke wapi? Kwetu huku ukoo unajua kuchanga kwenye harusi na msiba, kadi zinachapwa, kamati inakaa. Kaeni na kwa hili. Familia moja ya Kibosho walifanya mwezi wa nane, shangazi kila mmoja elfu ishirini, baba mdogo akatoa godoro na ndoo, kikoba cha mama kikamkopesha iliyobaki, yule binti alisajiliwa siku ya pili tu ya kufungua chuo. Alikuwa na division two ya kawaida na alimaliza.

Shule niliyotoka ni ya kata, kiingereza changu kibovu, nitaweza kweli?

Utaweza, ila usidanganyike kwamba litajiondokea lenyewe. Umesoma miaka saba kwa Kiswahili, sekondari mwalimu mwenyewe alikuwa anafafanua kwa Kiswahili kisha anaandika ubaoni kwa Kiingereza, sasa umefika chuo unaandikishwa insha kurasa tano. Kinachoangusha watu wengi sio msamiati mgumu, ni kutojua swali linataka nini. Nilikaa na kijana mmoja na karatasi yake ya testi, alikuwa ameandika vitu sahihi kabisa, ila swali lilisema alinganishe mifumo miwili yeye akaeleza kila mmoja peke yake, akapata alama 6 kwa 15. Alikuwa anaijua mada!

Fanya hivi: chukua mitihani ya nyuma, pigia mstari kila kitenzi kwenye swali, mwulize mtu wa mwaka wa pili hicho kitenzi kinataka jibu la namna gani. Soma kurasa mbili za kitabu kila siku, kitabu chenyewe sio desa (notisi za kukopi), na baada ya kusoma funga uandike kwa maneno yako. Wiki ya kwanza utaandika mistari mitatu, endelea. Na mweleze rafiki yako hiyo mada kwa Kiswahili, ukiweza kuieleza kwa Kiswahili basi umeielewa, Kiingereza kitafuata.

Nisome peke yangu au diskasheni?

Vyote, lakini wengi wa kwetu wanaacha diskasheni kwa aibu, hasa waliokuwa wa kwanza shuleni kwao, maana amezoea kuwa anayejua.

Kuna kisa cha Marekani nakirudia kila mwaka. Miaka ya 1970 pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwepo mtu wa hisabati anaitwa Uri Treisman, akataka kujua kwanini wanafunzi weusi wanafeli sana kalkulasi wakati wale wenye asili ya China wanafanya vizuri. Maprofesa walikuwa na majibu yao tayari, hawana motisha, maandalizi mabovu, familia hazijali. Yeye akaamua kuwafuata wanafunzi wenyewe, ishirini na ishirini, mpaka vyumbani wanakosomea. Akakuta wale weusi wanasoma kwa bidii, wanahudhuria, wanafanya hesabu zote, ila peke yao, mlango umefungwa. Wale wa asili ya China walisoma peke yao kwanza, alafu jioni wanakutana, wanakaguana majibu, wanaulizana, kama swali limewashinda wote wanajua swali ni gumu kweli na sio kwamba mmoja wao ni mjinga. Treisman akaanzisha makundi, wanapewa maswali magumu zaidi ya kawaida wayafanye pamoja, na matokeo ya waliokuwa humo yakapanda.

Sasa hapo jiangalie. Ukikaa getoni peke yako na swali ukashindwa, akili inakuambia hukustahili kuwa hapa. Ukikaa na wenzako wanne wote mmeshindwa, mnamfuata mwalimu pamoja. Watu wanne wanatosha, siku mbili kwa wiki, kila mmoja aje ameshasoma. Diskasheni ya watu kumi na tano hiyo ni kijiwe.

Nimepata sapu, ndio nimeisha?

Hapana. Sapu ni mtihani wa marudio, vyuo vingi ukifaulu unapewa C bila kujali umepata ngapi, ukifeli unabeba karii, yaani unalirudia somo hilo mwaka unaofuata. Kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, ni kitu kingine, kwenye vyuo vingi ni GPA kushuka chini ya 2.0, kwahiyo soma kanuni za chuo chako, kijitabu unapewa wiki ya kwanza na hakuna anayekifungua.

Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilipata sapu mbili. Jina langu kwenye akaunti ya benki lilikuwa na herufi moja imekosewa, bumu langu likakwama mpaka wiki ya saba, chuo kinaniambia niende benki, benki inaniambia nirudi chuo. Nilikuwa nakula mara moja kwa siku, maharage na ugali wa jioni, na nilikosa testi mbili kwa sababu nilikuwa kwenye foleni. Nilidhani mimi ndio mzembe. Nilikuja kufaulu zote mbili mwezi wa tisa, na siku nimeangalia matokeo nililia pale pale kwenye ubao wa matangazo, kwahiyo ukinipigia unasema una sapu nakuelewa kabisa.

Ukipata, fanya vitu viwili wiki hiyohiyo: nenda kwa mwalimu wa somo umwombe akuonyeshe wapi ulipotea, na tafuta aliyewahi kuwa na sapu ya somo hilohilo akafaulu.

Binti yangu anaenda mbali, naogopa

Mama, hofu yako ina msingi. Hosteli ya ndani ya chuo kwanza hata kama chumba kina watu sita, hasa mwaka wa kwanza, maana kutembea kutoka maktaba saa nne usiku kwenda mtaa asioujua kunamfanya aache kwenda maktaba, na hilo linaonekana kwenye matokeo. Alafu mwambie wazi kuhusu rushwa ya ngono kabla hajaondoka, usimwachie akaambiwe na wenzake. Akitokea mtu anamwambia alama zinapatikana kwa njia nyingine, hilo ni kosa la jinai, limo kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Atunze meseji asifute, aende dawati la jinsia la chuo au apige TAKUKURU 113, ni bure. Na ajue kwamba nyumbani ataaminiwa. Mabinti wengi wananyamaza kwa sababu wanajua swali la kwanza la baba litakuwa "wewe ulifanya nini?"

Nafanya kazi, nina watoto, umri umeenda. Inawezekana?

Ndio. Huria ilianzishwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili ya watu kama wewe, na hapa Chuo Kikuu cha Ushirika (MoCU), Chuo Kikuu cha Mwenge na Uhasibu Arusha uliza kozi za jioni, zinabadilika mwaka hadi mwaka. Kinachowaangusha watu wazima ni muda, kwahiyo kabla ya kulipa ada kaa na mume au mke mkubaliane nani anapika siku zipi.

Mkopo unarudishwaje?

Ukiajiriwa rasmi unakatwa 15% ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Ile tozo ya 6% ya kulinda thamani iliyokuwa inafanya deni halipungui ilifutwa 2021. Usiogope mkopo kwa hadithi za zamani.

Laptopu ni lazima?

Mwaka wa kwanza hapana, isipokuwa kozi za kompyuta. Simu nzuri, bando na maabara ya chuo vinatosha kuanza. Usiuze shamba kwa ajili ya laptopu.

Kijana amerudi nyumbani katikati ya semesta, hasemi kitu. Tufanyeje?

Kwanza msimseme mbele ya watu. Alafu muulizeni swali moja tu la haraka: umeandika barua? Maana kuondoka bila barua kwenye rekodi za chuo wewe ni mtoro, na utoro unaishia kufutwa. Kuahirisha kwa barua, yenye sababu na kiambatanisho, cheti cha hospitali au barua ya mtendaji, kunamwachia nafasi yake, na Bodi nayo ijulishwe mkopo usimamishwe vizuri uendelee akirudi. Huko Marekani mtafiti wa elimu Vincent Tinto alishaandika tangu 1975 kwamba wengi wanaoacha chuo wanaacha kwa sababu hawajawahi kujisikia ni sehemu ya pale, hawana rafiki, hakuna mwalimu anayewajua jina, na mimi kwenye benchi langu naona hivyohivyo, kijana anasema "hakuna aliyejua kama nimeondoka."

Mwaka jana alikuja baba na mwanae wa kiume, walikuwa wametoka Marangu, wamekaa mbalimbali kwenye benchi. Tukaandika barua ya kuahirisha pale pale, nikaichapa, kijana akasaini, baba akatoa elfu mbili ya kuskani. Kabla hatujaituma kijana akasema ngoja, akaongeza kwa mkono wake chini namba ya simu ya baba yake, ili chuo kikijibu wote wawili wajue.